Hodi Mara Tatu

Basi lilikuwa limesimama Muheza, wauza machungwa wameshazingira madirisha, ndipo simu ikaita. Alikuwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Pangani, mteja wangu wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaitikia ile marahaba fupi ya mtu mwenye shida.

"Mwanangu, tovuti yangu imekuwa nyeupe. Nyeupe pee! Na kuna mgeni wa Ujerumani kanitumia ujumbe WhatsApp, anasema barua pepe zake zinamrudia."

"Tangu lini, mama?"

"Ningejua tangu lini si ningekupigia siku hiyohiyo?"

Laptopu yangu ilikuwa kwenye begi, begi liko kwenye buti, na juu ya begi kuna magunia ya watu. Mkononi nilikuwa na simu yenye chaji nusu na bando la MB 38. Kwa hali hiyo, anayezoea kusimamia tovuti kwa paneli, ile yenye vitufe na vipicha vya rangirangi, angesema "mama nivumilie nifike Dar". Paneli ni kurasa nzito. Hujagusa chochote na tayari imeshakula sehemu ya bando kukuonyesha matangazo ya huduma ambazo hukuziomba.

Nikafungua Termux, programu ya Android inayokupa skrini nyeusi ya kuandikia amri. Nikaandika `ssh` (amri ya kuingilia kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyofungwa, yasisomeke njiani), jina la akaunti ya mama na anwani ya seva, ile kompyuta inayotunza tovuti yake, nikaingiza maneno ya kufungulia ufunguo wangu. Kabla kondakta hajamaliza kugombana na abiria mmoja kuhusu chenji, nilikuwa nimeshaingia kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani, pengine jirani na huyohuyo mgeni aliyekuwa akilalamika.

Nikaanza na `pwd`, kuuliza nimesimama wapi. Kisha `du -sh * | sort -h`, kupima kila faili na folda na kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Chini kabisa, pale linapokaa kubwa kuliko yote, kulikuwa na faili moja liitwalo `error_log`: GB 7.4, kwenye akaunti yenye nafasi ya GB 10. Barua na picha zilikuwa zimejaza kilichobaki. Seva haikuwa na pa kuandika hata herufi moja, ndiyo maana barua za wageni zilikuwa zinarudishwa mlangoni.

Sikulifuta. Nikaandika kwanza `tail -n 20 error_log` nisome mistari ishirini ya mwisho, na yote ilikuwa mstari uleule. Ile plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, ya picha zinazoteleza ukurasa wa mbele ilikuwa inanung'unika tangu hosti, kampuni yenye seva, ilipohamisha akaunti kwenda PHP 8, toleo jipya la lugha inayoendesha tovuti, na kila aliyefungua ukurasa, mtu au roboti, aliongeza nung'uniko moja juu ya mengine. Nikaizima plagini kwa amri moja ya `wp`, ile ya kusimamia tovuti za WordPress, nikalimwaga faili kwa `: > error_log`, nikauchungulia ukurasa. Tulipofika Segera tovuti ilikuwa imerudi. Nikatazama bando: MB 37 na ushei.

Ujumbe wa mama ulinikuta kabla ya Mkata. "Imerudi, Mungu akubariki. Ila zile picha zilizokuwa zinatembea mbona zimesimama?"

Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza kwa nini nakazania skrini nyeusi wakati paneli ipo. Wanatarajia niseme usalama. Ukweli ni kwamba nilianza kwa ajili ya bando. SSH inasafirisha herufi tu, zako zinakwenda na za seva zinarudi, basi. Usalama niliukuta humo ndani, kama mtu aliyenunua nyumba kwa sababu ya kisima akagundua na paa nalo ni zuri.

Na huo usalama una historia ambayo Mswahili hawezi kuisoma bila kutabasamu. Mwaka 1995, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, iligundulika kwamba mtu alikuwa ametega programu kwenye mtandao wa chuo, inakusanya majina na nywila za watu, maelfu kwa maelfu. Haikuwa kazi ngumu. Wakati ule watu waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa Telnet na kupeleka mafaili kwa FTP, na zote mbili husafirisha nywila wazi, kama mtu anayeimba namba yake ya siri ya benki ndani ya daladala. Mtafiti mmoja wa chuo hicho akakaa, akaandika programu ya kuziba tundu hilo, akaitoa bure Julai mwaka huohuo. Aliomba apewe poti 22, yaani namba ya mlango ambao programu yake ingeitumia kwenye kompyuta, kwa sababu FTP ilikuwa 21, Telnet 23, na katikati palikuwa wazi. Mwaka ulipoisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Jina lake ni Tatu Ylönen.

Ndiyo, Tatu. Kwa Wafini ni jina la mwanamume. Kwetu Tanga, Tatu ni shangazi.

Niliposoma jina hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikaona jambo jingine. Desturi ya pwani ni kupiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unageuza, unaondoka bila kinyongo. SSH nayo ukikosea nywila inakuuliza tena, na tena, na ya tatu ikishindikana inakufungia. Sidhani kama Mfini yule aliwahi kusikia hodi ya Kiswahili, lakini tangu siku hiyo nawafundisha watu SSH kwa hodi, na wanaelewa upesi kuliko nikianza na habari za usimbaji.

Hodi ina pande mbili. Anayebisha anajitambulisha, na aliye ndani anaitika. Sauti inayoitika nayo inakwambia kitu. Ukibisha kwa bibi yako ikaitika sauti nzito ya mwanamume usiyemjua, huingii tu. Unasimama kizingitini ujiulize. SSH inafanya hivyohivyo. Mara ya kwanza kuunganishwa na seva inakuonyesha alama ya kidole ya seva hiyo, msururu wa herufi na tarakimu, halafu inakuuliza kama unaitambua. Wote tunaandika "yes" bila kusoma. Mimi pia, kwa miaka mingi. Kuanzia hapo kompyuta yako inaikumbuka sauti ile, na siku ikibadilika inakupigia kelele kwa herufi kubwa, na mstari wa alama za @ juu na chini.

Kelele hizo zilinikuta usiku mmoja saa nne, kwenye akaunti ya shule moja ya sekondari. Nikatoa mkono kwenye kibodi kana kwamba nimegusa waya wa umeme. Nilipowaandikia watu wa hosti walijibu asubuhi kwamba wamehamia seva mpya wiki ile, samahani kwa usumbufu. Wangesema kabla. Ila siwezi kuwalaumu sana, maana hata wakubwa yamewakuta: Machi 2023 GitHub, ghala kubwa la mtandaoni la waandishi wa programu, walilazimika kubadilisha ufunguo mmoja unaoitambulisha seva yao, wa aina ya RSA, baada ya sehemu yake ya siri kuonekana kwa muda mfupi mahali pa hadharani, na waandishi wa programu dunia nzima wakaamka na kelele zilezile za @.

Nikirudi kwenye shule hiyo, hapo ndipo nilipojifunza kwa nini nywila ni kitu kibaya kugawana. Nilipokabidhiwa tovuti yao, mwalimu wa taaluma alinitumia nywila kwa kunielekeza kwenye grupu la WhatsApp la kamati. Ilikuwa imeandikwa humo miaka miwili kabla. Nikahesabu wanachama wa grupu: 31. Kati yao kulikuwa na walimu waliohama, mzazi mmoja aliyegombana na shule akamhamisha mwanawe, na kijana aliyejenga tovuti mwanzo, ambaye hakuna aliyejua alipo. Wote walikuwa na uwezo wa kuifuta tovuti kabla ya chai ya saa nne.

"Basi tubadilishe nywila," akasema mwalimu mkuu.

"Tukibadilisha, mwalimu, mtaiweka wapi?"

Akafikiri kidogo. "Kwenye grupu."

Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Nywila ni moja, watu ni wengi, na haigawanyiki. Kila anayeipata anakuwa nayo yote, na kumnyang'anya mmoja ni kuwanyang'anya wote.

Hapa ndipo zinapoingia zile funguo mbili, na hapa ndipo maelezo mengi ya Kiswahili yanapoharibu. Nimeona mahali wameandika "ufunguo wa umma" na "ufunguo binafsi". Mtu akisikia ufunguo wa umma anadhani ni ufunguo ambao umma unaweza kufungulia, na anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mimi nasema kufuli na ufunguo. Ukiandika `ssh-keygen -t ed25519` kompyuta yako inakutengenezea mafaili mawili. Lenye `.pub` mwishoni ni kufuli. Jingine ni ufunguo wake. Kufuli unampa yeyote, hata ukilibandika kwenye nguzo ya umeme hakuna hasara, maana mtu atafanya nini na kufuli lako? Atafunga kitu ambacho wewe tu unaweza kukifungua. Ufunguo haukutoki mfukoni, hautumwi kwa barua pepe, hauendi WhatsApp, na wenyewe unaupa maneno ya siri ili hata simu ikiibiwa mwizi akute ufunguo uliofungwa.

Kwenye seva kuna faili liitwalo `authorized_keys`, kila mstari kufuli moja. Kama umewahi kuona geti la shamba la watu kadhaa, mnyororo umeunganishwa kwa makufuli matatu manne, kila mmoja anafungua kwa lake na geti linafunguka, basi ndiyo hivyohivyo. Mwalimu wa kompyuta akapewa mstari wake, mimi wangu. Mwishoni mwa kila mstari unaweza kuandika jina ili ujue kufuli ni la nani. Mwalimu yule alipohamishiwa mkoa mwingine nilifuta mstari mmoja. Hakuna aliyebadilishiwa chochote, hakuna grupu lililoarifiwa, wala hakuna aliyemshuku mwenzake.

Kuna kijiba kimoja. Folda ya `.ssh` inafaa iwe na ruhusa 700 na faili la makufuli 600, yaani mwenyewe tu. Ukiacha wengine waweze kuandika humo, seva inalipuuza kufuli lako na kurudi kukuomba nywila, bila kukuambia sababu. Nilipoteza jioni nzima kwa hilo, nikalaumu hosti, nikalaumu mtandao wa simu, nikamlaumu hata mtoto aliyekuwa amechezea kompyuta. Na hosti nyingi za bei nafuu huwa hazijawasha SSH hadi uombe. Omba. Wakikataa kabisa, hama.

Kwenye hosti hizo unakaa kama mpangaji wa nyumba ya vyumba: seva moja, familia kumi, uani mnakutana. Ukiingia kwa SSH unafungiwa kwenye chumba chako, huoni vya jirani, na ni vizuri. Lakini chumba ni chako kweli, na hakuna anayekuuliza mara mbili ukiamua kutupa kitanda nje.

Mimi nilikitupa. Nilikuwa nimenunua laptopu mpya, nimeweka kila kitu, nikataka kupeleka picha mpya za ile nyumba ya wageni Pangani. Miaka yote natumia `rsync` kwa kazi hiyo kwa sababu inapeleka kilichobadilika tu, na kwa bando zetu hiyo ni rehema. Nikaipandisha historia ya amri niliyoihamisha kutoka laptopu ya zamani, nikaipata ile ndefu niliyoizoea, nikabonyeza. Ndani yake kulikuwa na `--delete`, neno linaloiambia seva ifute kila kisichokuwepo kwangu. Na kwangu, kwenye laptopu mpya, folda la picha lilikuwa limetengenezwa lakini bado halijajazwa kitu.

Amri ilifanya nilichoiambia. Majina ya picha yakaanza kupita: machweo ya mto Pangani, chumba namba nne, kifungua kinywa chenye maandazi na mbaazi, harusi ya mjukuu wa mama ambayo haikupaswa kuwa hapo ila alisisitiza. Yalipita haraka sana na mimi nikayasoma yote. Nilipobonyeza kusitisha yalikuwa yamebaki machache.

Hosti walikuwa na nakala ya Jumapili, siku nne nyuma. Picha za siku nne hizo niliziokota kwenye simu ya mama, moja moja. Nilimweleza ukweli. Alininyamazia kama dakika nzima, kisha akasema, "Harusi imo?" Imo. "Basi tuendelee."

Tangu hapo siiendeshi `rsync` bila kwanza kuweka `-n`, herufi moja inayoifanya itaje itakachofanya bila kukifanya. Na `pwd` naiandika hata nikijua nilipo, kama dereva anayetazama kioo kwenye barabara tupu.

Mambo mengine ni ya kero tu. Ukitumia mtandao wa simu, anwani yako ya IP unaigawana na wengi, na mmoja wao akizidisha hodi za nywila kwenye seva ileile mnafungiwa wote; utaambiwa wewe ni mshambuliaji huku umekaa sebuleni unakunywa uji. Na mtandao ukikatika katikati ya kazi ndefu, kazi inakufa nawe, isipokuwa umeianzisha ndani ya `tmux` au `screen`, ambazo huiacha ikiendelea kule kwenye seva hadi urudi. Hilo lilinifaa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Tanzania nzima ikawa inavuta intaneti kwa mrija mwembamba. Nilikuwa nahamisha hifadhidata. Nikatupwa nje, nikarudi baadaye sana, nikaikuta imemaliza inanisubiri.

Wala nisiseme kwamba SSH ni ngome isiyoingilika. Machi mwaka huohuo wa 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na PostgreSQL, programu ya hifadhidata, aliona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Akafuatilia hiyo nusu sekunde hadi akakuta mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo kwenye baadhi ya Linux huguswa na SSH. Aliyeupandikiza alikuwa amejenga imani ya mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili. Kila nikikikumbuka kisa hicho nashukuru Freund hakuwa Tanga. Huku nusu sekunde ni salamu tu, tungeipokea, tukaendelea.

Baada ya lile la picha, mama alianza kuniuliza swali ambalo wateja wangu wengine hawajawahi kuniuliza. "Na wewe ukifa?"

"Mama!"

"Si nauliza tu. Funguo zote unazo wewe."

Alikuwa sahihi. Kwenye akaunti yake kulikuwa na kufuli langu la laptopu na langu la simu. Lake halikuwepo. Mwezi uliofuata nikaenda Pangani, tukakaa barazani na kompyuta ya mapokezi, Windows ya kawaida. Siku hizi SSH imo ndani yake, huhitaji tena kupakua PuTTY kama zamani. Nikamsimamia akatengeneza ufunguo wake mwenyewe. Maneno ya siri aliyaandika nikiwa nimegeuzia uso baharini. Nikaliweka kufuli lake kwenye seva, mstari wa kwanza, juu ya yangu, na mwishoni nikaandika `mwenye-nyumba`.

"Sasa nipige hodi?"

"Piga, mama."

Nilikuwa na maana ya `ssh`, na amri nilikuwa nimeshamwandikia kwenye karatasi. Akaiandika herufi kwa herufi, akaingia, skrini ikamsubiri. Yeye, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha, akaandika alichoona kinapaswa kuandikwa akabonyeza kitufe:

`-jailshell: hodi: command not found`

Akanitazama juu ya miwani. "Inasemaje?"

"Inasema haijui hodi."

"Kumbe haina adabu."

Usiku nilipofika nyumbani niliingia kwenye akaunti yake, nikaandika `pwd`, kisha nikaongeza mstari mmoja kwenye `.bashrc`, faili ambalo seva hulisoma kila unapoingia:

`alias hodi='echo Karibu, mama'`

Sikumwambia. Kesho yake, saa moja kasoro asubuhi, ukaingia ujumbe kutoka Pangani.

"Kaitika."